Mikoko iliyopandwa na isiyozaa: kutafuta chanzo kuanzia kwenye gunia la mbegu

Msitu wa mikoko uliopandwa unaweza kuonekana mzima kwa miaka kumi, kisha ukaanza kutoa kasoro ambazo hakuna aliyezitarajia. Miti inachanua lakini haizai. Mdudu mmoja anapita na kuacha matawi matupu kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Mbegu zinazoanguka zinatoa miche dhaifu kuliko wazazi wake. Wakati huo waliopanda wameshatawanyika, na kumbukumbu iliyobaki ni idadi ya miche iliyoingia topeni. Idadi inayohitajika haimo kwenye kumbukumbu hiyo: mbegu zile zilitoka kwa miti mama mingapi?

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya anuwai ya vinasaba, yaani tofauti za kurithi kati ya mti na mti, hupotea siku ya kuvuna mbegu, ndani ya saa mbili tatu za maji kupwa. Wavunaji wanakimbizana na maji yanayorudi, wanaona mti uliozaa sana karibu na njia, wanajaza magunia chini yake. Mkoko mmoja uliokomaa unaweza kubeba mamia ya mbegu. Kazi inaonekana imekwisha mapema, na eneo zima linapandwa watoto wa mama mmoja au wawili. Baada ya hapo hakuna maji mazuri wala tope zuri litakalorudisha kilichoachwa kwenye miti ambayo hakuna aliyeifikia.

Kuhusu majina: mikoko kwa wingi ni miti yote ya msitu huu, lakini mkoko ukitajwa kama spishi hapa ni Rhizophora, mchu ni Avicennia, mkandaa ni Ceriops, muia ni Bruguiera na mlilana ni Sonneratia. Ninaposema mbegu ninajumlisha pia ile fimbo ya kijani ya mkoko, mkandaa au muia inayoota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake.

Kwanza chunguza maji

Miche inayokufa yote kwa pamoja ndani ya miezi ya mwanzo kwa kawaida haina tatizo la vinasaba. Imepandwa mahali pabaya. Mikoko hukaa sehemu ya juu ya ufuo, kuanzia karibu na wastani wa usawa wa bahari kwenda juu, na ikiteremshwa chini ya hapo inazama muda mrefu kuliko inavyoweza kuvumilia. Ufilipino imeonja jambo hili kwa miongo kadhaa. Tathmini ya mtafiti wa mikoko Jurgenne Primavera na mwenzake iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta kwamba miche iliyobaki hai kwa muda mrefu ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu kubwa ilikuwa kupanda Rhizophora kwenye matope na mchanga wa chini kabisa, mahali ambapo kwa asili wangeota mchu na mlilana au kusingeota kitu. Robin Lewis, aliyefanya kazi hii miaka mingi huko Florida, alihimiza jambo lilelile kila alipokwenda: fungua njia ya maji kwanza, miche mingi itakuja yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kushuku mbegu, tafuta miche iliyojiotea ya spishi ileile kwenye usawa uleule. Ikiwa ipo na ni mizima ilhali ya kupandwa inadhoofika, una sababu ya kuendelea na mwongozo huu. Ikiwa hata ya kujiotea haipo, au nayo imekufa, weka vinasaba kando na upime kina cha maji wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Shina lililojaa viumbe wenye magamba magumu hadi kuinama kwa uzito ni dalili nyingine kwamba miche iko chini mno.

Dalili: miche myeupe, ya manjano au myekundu tangu siku ya kwanza

Hii ndiyo dalili ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inasomwa kwa macho bila maabara.

Simama chini ya mkoko wenye mbegu. Fimbo zenye afya ni za kijani. Kwenye miti michache utaona, katikati ya zile za kijani, nyingine za manjano yaliyopauka au nyekundu, zenye urefu uleule na zinazoning'inia vilevile. Usidhani zimeiva zaidi. Zimekosa klorofili, ile rangi ya kijani inayotengenezea mmea chakula, na zinaishi kwa sababu mama bado anazilisha. Zikipandwa zinaweza hata kufungua majani ya kwanza, kisha akiba iliyomo kwenye fimbo inakwisha na zinakufa.

Nilikagua kitalu kimoja ambako mstari mzima wa vifuko ulikuwa na tatizo hili: karibu robo ya miche ilikuwa imepauka, na mistari ya kushoto na kulia haikuwa na hata mmoja. Mzee aliyekitunza kitalu alikuwa ameshaongeza mbolea mara mbili na kupunguza chumvi kwenye maji ya kumwagilia. Nikamuuliza, "Mzee, mbegu za mstari huu mlizitoa wapi?" Akanyoosha kidole kwenye mti mmoja mkubwa ukingoni mwa mkondo. "Hizi zote za mama yule pale. Huyo ndiye anayezaa kuliko wote." Jibu lilikuwa limekamilika. Mbolea haikuwa na la kufanya hapo.

Chanzo chake ni hiki. Kila mti una nakala mbili za kila kinasaba, moja kutoka kwa kila mzazi. Mama huyu amebeba nakala moja nzima na moja mbovu ya kinasaba kinachohusika na klorofili, na nakala nzima inatosha kumfanya awe wa kijani. Chavua yake ikiangukia maua yake mwenyewe, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne hupokea nakala mbovu pande zote mbili. Akichavushwa na mti usio na ubovu huo, hakuna mtoto hata mmoja atakayekosa rangi. Mtafiti Edward Klekowski na wenzake walitumia mantiki hii kwa Rhizophora mangle katika sehemu kama Florida na Puerto Rico, wakaonyesha kwamba mti huo hujichavusha kwa kiwango kikubwa.

Wewe pia unaweza kuitumia. Hesabu mbegu za mti wa namna hii, zisipungue 100. Tuseme umehesabu 200 na 40 kati yake hazina kijani: hiyo ni asilimia 20. Zidisha kwa nne, unapata 80. Maana yake ni kwamba takribani asilimia 80 ya mbegu za mti huo, zikiwemo zile za kijani unazozipenda, ni za mti kujizalisha wenyewe. Hesabu itapotoka ikiwa jirani yake naye amebeba nakala ileile mbovu, jambo linalowezekana wakiwa ndugu, kwa hiyo angalia miti miwili mitatu ya aina hii iliyo mbalimbali kabla ya kuamua.

Usiukate mti huo. Karibu kila kiumbe hubeba nakala mbovu za hapa na pale, na huu umekupa kipimo cha bure cha uchavushaji wa msitu mzima. Chukua kutoka kwake mbegu chache sawa na unazochukua kwa mingine, na andika ulichokiona.

Majani yaliyoanza yakiwa ya kijani kisha yakageuka manjano ni habari nyingine: maji yanayotuama, chumvi iliyozidi au upungufu wa naitrojeni. Tatizo la vinasaba linaonekana tangu kuchipua.

Dalili: miche inadumaa kwa mafungu

Pima urefu wa miche na uangalie kama midogo imetawanyika ovyo au imekaa kwa mafungu yanayolingana na magunia. Ikitawanyika, chanzo ni kivuli, umwagiliaji au kaa. Ikikaa kwa mafungu, unamwona mama. Sehemu ya tofauti hiyo ni ukubwa wa mbegu tu, kwa sababu mbegu nene ina akiba kubwa na mche wake hutangulia mwaka wa kwanza, kisha pengo hupungua. Sehemu nyingine inaweza kuwa uzazi wa ndugu kwa ndugu, na hiyo haipungui.

Hapa vitalu vingi hufanya kosa kwa nia njema. Siku ya kupeleka miche topeni, mifupi inatupwa na mirefu inapandwa. Kumbe mirefu yote ni ya mama wawili wenye mbegu nene, na ile iliyotupwa ilikuwa ya mama kumi na wengine. Tupa mche uliooza, uliotobolewa au uliokosa kijani. Mche mfupi lakini mzima una haki ya kupandwa, na pengine ndio unaostahimili chumvi ambayo haujakutana nayo kitaluni.

Dalili: miti inachanua vizuri lakini haizai

Sababu ni nyingi, na zinapaswa kuchunguzwa kwa mpangilio.

Anza na muda. Kwa mkoko, safari ya kutoka kichipukizi cha ua hadi mbegu iliyoiva huchukua zaidi ya mwaka mmoja. Mti uliochanua kwa mara ya kwanza mwaka huu usiulaumu kwa kukosa mbegu mwaka huu. Tazama pia mbegu chache zilizoanguka: zikiwa na vitundu vidogo, kuna mbawakavu wa jamii ya Coccotrypes wanaotoboa mbegu za mkoko, na tatizo lako ni hao.

Kisha waangalie wachavushaji, maana kila jamii ya mikoko ina wake. Mkoko hutegemea zaidi upepo, ingawa nyuki nao hupita. Mchu unahudumiwa na nyuki na wadudu wengine wa mchana. Muia wenye maua makubwa, Bruguiera gymnorhiza, unategemea ndege: petali zake zimebana chavua kama mtego, na mdomo wa ndege unapozigusa zinafunguka ghafla na kumrushia vumbi usoni. Mlilana hufungua maua usiku, ukihudumiwa na popo na nondo wakubwa, na asubuhi utakuta nyuzi nyeupe za maua zimetapakaa juu ya maji. Ukipanda mlilana mahali ambapo popo hawana pa kulala wala mti mwingine wa kula, maua yatapokea chavua kidogo, na kidogo hicho kitakuwa cha mti uleule. Kaa usiku mmoja kwenye mtumbwi chini ya mlilana unaochanua. Utajua mengi kuliko mwezi wa kusoma ripoti.

Wachavushaji wakiwepo, shuku udugu. Watoto wa mama mmoja na baba tofauti wakizaana, mtoto wao ana uwezekano wa asilimia 12.5 kwamba nakala zake mbili za kinasaba chochote zimetoka kwenye nakala moja ya nyanya yake. Wakiwa ndugu wa baba na mama, ni asilimia 25. Mti ukijichavusha, ni 50. Kadiri namba hizi zinavyopanda ndivyo nakala mbovu zilizojificha zinavyokutana, na athari zake huanza mapema, mara nyingi kwa tunda kupukutika likiwa changa. Dalili yake ni maua mengi, vitunda vingi vidogo chini ya mti, na mbegu chache zinazofika mwisho.

Iko sababu moja zaidi ambayo watu huisahau: chotara. Rhizophora apiculata na Rhizophora stylosa zikiishi pamoja huzaa chotara aitwaye Rhizophora × lamarckii. Apiculata na mucronata huzaa Rhizophora × annamalayana. Sonneratia alba na caseolaris huzaa Sonneratia × gulngai. Machotara hawa wana nguvu, wananenepa, wanachanua kwa wingi, lakini chavua yao kwa sehemu kubwa imenyauka na mbegu hawatoi au hutoa chache mno. Vipimo vya DNA vimeonyesha kwamba wengi wao ni kizazi cha kwanza tu, hawaendelezi ukoo.

Wanaingiaje shambani kama wao wenyewe hawazai? Wanaingia kwa mama halisi. Apiculata safi aliyezungukwa na stylosa anaweza kuchavushwa na jirani, na mbegu anayodondosha haina alama yoyote ya kukutahadharisha. Mvunaji anaichukua, kitalu kinaipenda kwa sababu inakua haraka, na aliyechagua mirefu anaipanda kwanza. Kwa hiyo ukikuta miti iliyotangulia wenzake kwa unene, yenye maua yaliyo katikati ya spishi mbili na isiyo na mbegu hata moja, tazama chavua kwa hadubini. Chotara wachache msituni ni jambo la kawaida. Hatari inakuja wanapochukua nafasi kubwa ya eneo dogo, kwa sababu msitu huo utazeeka bila kuacha watoto. Kwenye msimu unaofuata chagua mama kutoka sehemu ambako spishi unayoitaka ndiyo iliyotawala.

Dalili: pigo moja linaangusha wote

Viwavi wa Hyblaea puera wanaweza kuvua majani ya mchu eneo kubwa ndani ya siku chache, na mara nyingi miti hurudisha majani yenyewe. Cha kutazama ni namna inavyorudi. Msitu wenye anuwai hurudi kwa madoadoa: huu uliliwa wote, ule uliliwa nusu, mwingine haukuguswa sana, na kasi ya kuchipua inatofautiana. Shamba ambalo miti yote imeliwa sawasawa na kuchipua wiki ileile linakuonyesha jinsi miti hiyo inavyofanana.

Lakini tusiyape mambo uzito usio wake. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, zaidi ya hekta 7,000 za mikoko zilikufa kandokando ya Ghuba ya Carpentaria kaskazini mwa Australia, kwenye ukanda wa pwani wa kilomita zipatazo 1,000, baada ya usawa wa bahari kushuka wakati wa El Niño. Hiyo ilikuwa misitu ya asili, hakuna aliyeipanda kutoka gunia moja. Mti uliokosa maji hauokolewi na vinasaba vya jirani yake. Anuwai inasaidia pale pigo linapokaribia mpaka wa uvumilivu, ambapo tofauti ndogo kati ya mti na mti inaamua nani atabaki.

Baada ya pigo, tembea msitu mzima na uchore ramani ya waliosalia. Wakifuata mstari wa mwinuko, chanzo ni maji. Wakifuata mipaka ya vitalu au mwaka wa kupandwa, chanzo ni mbegu. Wakiwa wametawanyika bila mpango, wawekee alama: hao ndio mama wa msimu ujao, pamoja na wengine, si peke yao. Kuvuna kwa mashujaa watatu waliosalia kunarudisha tatizo lilelile.

Dalili: miche ya kutoka mbali inakataa

Mbegu ya mkoko huelea kwa miezi, na hilo huwafanya watu wadhani mikoko ya dunia nzima ni jamii moja. Sivyo. Shingo ya ardhi ya Panama ilitenga mikoko ya Atlantiki na ya Pasifiki mamilioni ya miaka iliyopita. Rasi ya Malaya vilevile: kwa spishi kadhaa, wakiwemo mkandaa na mlilana, miti ya upande wa Bahari ya Hindi na ya upande wa Bahari ya China Kusini inatofautiana waziwazi kwa vinasaba, hata pale umbali kati yao kwenye ramani ni mdogo. Kandelia candel, aina ya mikoko ya Asia iliyodhaniwa kuwa spishi moja, iligawanywa mwaka 2003, na ile ya kaskazini ikaitwa Kandelia obovata. Aliyekuwa akihamisha mbegu kati ya maeneo hayo alikuwa akichanganya spishi mbili bila kujua.

Angalia pia baridi. Mchu unaoishi Corner Inlet, Victoria, karibu nyuzi 39 kusini, umezoea majira ya baridi ambayo mchu wa tropiki haujawahi kuyaonja. Mikoko ya mipaka hiyo ya baridi ina mirija ya maji myembamba zaidi, isiyozibwa kwa urahisi na viputo vya hewa maji yakiganda. Mche wa tropiki ukipelekwa huko utastawi msimu wa joto na kuanguka baridi ya kwanza kali. Watu watasema ni bahati mbaya. Kilichotokea ni kwamba mwili wake haukujengwa kwa mahali hapo.

Swali la kuuliza juu ya chanzo cha mbegu si umbali wa kilomita. Uliza kama mikondo ya bahari inaunganisha sehemu hizo mbili, kama chumvi ya maji, kina cha kujaa na kupwa, na baridi ya mwaka vinafanana. Kwa sababu hali ya hewa inabadilika, wapo wanaopendekeza kuongeza mbegu kutoka sehemu yenye joto zaidi ya pwani ileile. Nakubaliana nao kwa kiasi: sehemu kubwa iwe ya hapohapo, sehemu ndogo ya hao wageni wa karibu, nao wapandwe pamoja ili asili ichague. Kuvusha mpaka wa nchi bila karantini ya mimea, au kuleta spishi ambayo haikuwepo, sikubali. Mwaka 1985 China iliingiza Sonneratia apetala kwenye kisiwa cha Hainan kutoka Bangladesh kwa sababu inakua upesi. Ilikua upesi kweli, na baadaye ikaanza kusambaa yenyewe na kuzua wasiwasi juu ya mikoko ya asili.

Dalili: maabara inasema anuwai ni ndogo, au inasema ni nzuri

Ripoti ya DNA inatisha ikisomwa peke yake. Mikoko mingi ina anuwai ndogo kwa asili ndani ya msitu mmoja, hasa kwenye mipaka ya eneo la spishi. Kipimo cha shamba lako kina maana kikiwekwa kando ya kipimo cha msitu wa asili wa jirani, kwa vialama (sehemu za DNA zinazopimwa) vilevile na idadi ileile ya miti. Piga sampuli za majani ya miti 20 hadi 30 kila upande, yakaushwe haraka ndani ya chembe za silika zinazonyonya unyevu. Chukua pia mbegu za miti hiyo ya kupandwa, kwa sababu wazazi wanaweza kuwa na sura nzuri ilhali watoto wao wanaonyesha udugu.

Ripoti ya kufurahisha nayo ina mtego wake. Kipimo kinachotangulia kusomwa ni tofauti za nakala ndani ya mti, na hicho hakishuki haraka. Miti mama 5 tu isiyo na udugu huhifadhi takribani asilimia 90 ya kipimo hicho. Miti 25, asilimia 98. Ukisoma hapo ukaishia hapo, utaona mama watano wanatosha. Sasa chukua nakala adimu, yaani aina ya nakala ya kinasaba iliyo asilimia 5 tu ya nakala zote za msitu. Mama 5 wana nakala 10, na uwezekano wa kuikosa kabisa ni karibu asilimia 60. Mama 30 wana nakala 60, na uwezekano wa kuikosa unashuka chini ya asilimia 5. Nakala adimu ndizo unazozihitaji siku hali ikibadilika, na ndizo zinazopotea kwanza. Kwa hiyo mwombe mtaalamu akuonyeshe idadi ya aina za nakala, zote na zile adimu, siyo wastani peke yake.

Kurekebisha: siku ya kuvuna

Idadi ya mama wa kuvunia inatoka kwenye hesabu hiyohiyo. Mama 30 wasio ndugu ni kiwango cha chini pale uchavushaji wa mti kwa mti ukiwa mzuri. Kwa spishi inayojichavusha sana, nakala mbili za mama mara nyingi ni moja iliyorudiwa, kwa hiyo lenga 60. Waachane, mita 50 au zaidi inapowezekana, kwa sababu mbegu nyingi huangukia karibu na mama na majirani huwa ni familia. Idadi ya mbegu kwa kila mama iwe sawa. Hili ndilo gumu kulitekeleza kuliko yote, maana mti wenye mbegu tele unavuta mikono. Mimi huwapa wavunaji vifuko vidogo badala ya magunia: kifuko kikijaa, nenda mti mwingine.

Vuna zaidi ya mara moja katika msimu, la sivyo unachagua wanaowahi kuzaa peke yao. Rhizophora mucronata iliyoiva inaonyesha pete ya manjano shingoni, pale fimbo inapotoka kwenye tunda. Apiculata pete yake ni ya wekundu. Mkandaa ni ya manjano, na muia fimbo yenyewe hugeuka hudhurungi-nyekundu na kuachia kwa urahisi. Mbegu zilizoletwa na maji ufukweni zina mchanganyiko mzuri wa mama, lakini hujui spishi wala umri wake, kwa hiyo ziwe nyongeza tu.

Usitegemee ghala. Mbegu hizi hazikaushwi wala kugandishwa kama nafaka: za mkoko hukaa wiki kadhaa kivulini zikiwa na unyevu, za mchu siku chache. Ghala la vinasaba vya mikoko ni msitu uliosimama, na ukikatwa hakuna jokofu litakalourudisha.

Kurekebisha: msitu uliokwisha kupandwa

Usiung'oe. Mizizi yake inashika tope na inaleta samaki. Tumia mapengo yaliyokwisha kuwepo, ambako miti imekufa au mwanga unafika chini, na upande humo miche ya mama wapya 30 au zaidi, iliyotawanywa ndani ya shamba lote badala ya pembeni. Fungua mikondo iliyozibwa ili mbegu za msitu wa jirani ziingie zenyewe. Hata wageni wachache kwa kila kizazi, wakifanikiwa kuzaa, hupunguza sana kasi ya kupotea kwa nakala.

Kosa lililo kubwa kuliko yote linafanyika hapa: shamba la kupandwa likianza kuzaa, linageuzwa kuwa chanzo cha mbegu cha mradi unaofuata, kwa sababu liko karibu na lina njia. Mama wawili wa mwanzo wanazaa shamba la kwanza. Mama watatu wa shamba la kwanza, wote ndugu, wanazaa la pili. Kila hatua inapunguza kilichokwisha kupungua. Mpaka ujue asili ya shamba, mbegu zake ziache zianguke hapohapo.

Daftari la kuvunia linaanza na mti wa kwanza, mtu akiwa bado amesimama chini yake. Mstari mmoja uliokamilika unasomeka hivi: "Mama 17. Mkoko, ukingo wa ndani wa mkondo, mita 70 kutoka mama 16. Mbegu 40, pete za manjano. Kati ya 120 zilizohesabiwa mtini, 6 hazina kijani, hazikuchukuliwa. Jirani wa spishi nyingine: hakuna."